London hadi New York: hesabu yangu inatoa saa sita, tiketi inasema nane

"Nimetafuta umbali wa ndege kati ya London na New York. Tovuti moja imenipa 5,554, nyingine 3,451, ya tatu 2,999. Nimechukua ya kwanza nikaigawa kwa kasi ya ndege, kilomita 900 kwa saa, nikapata saa 6 na dakika 10. Lakini tiketi inaonyesha naondoka Heathrow 11:00 na kufika JFK 14:00, na wameandika kuwa safari ni ya saa 8. Kurudi wameandika saa 7. Mimi nilitarajia kinyume, kwa sababu dunia inazungukia mashariki, hivyo nikienda magharibi New York inanijia yenyewe. Rafiki yangu anasema mashirika huongeza muda makusudi na ndege hufika mapema. Kama ni hivyo, nataka kununua tiketi nyingine ya Chicago, ndege inayoondoka LaGuardia saa 16:15 siku hiyohiyo. Je, hesabu yangu iko sawa?"

Kugawa umegawa sawasawa. Kilichokosewa ni namba ulizozigawa: umbali ule ndege haiufuati kama ulivyo, na kasi ile siyo itakayokuwa nayo juu ya ardhi. Muda wa tiketi nao hauanzi wala hauishii pale unapodhani. Kuhusu Chicago nakujibu mapema, kabla hujatoa fedha: tiketi hiyo ya 16:15 usiinunue. Sababu nitazieleza nikifika huko.

Tuanze na zile namba tatu, maana zimewachanganya wengi. Zote ni umbali uleule. 5,554 ni kilomita. 3,451 ni maili za kawaida, zile za barabarani Marekani na Uingereza, ambazo kila moja ni mita 1,609. 2,999 ni maili za baharini zinazotumiwa na marubani na manahodha, kila moja ikiwa mita 1,852 kamili. Ukiona namba isiyo na kipimo, usiitumie kwa hesabu yoyote. Mtu akichukua 2,999 akaigawa kwa 900 atapata saa tatu na dakika ishirini, muda ambao ilikuwa ikiutumia Concorde, ndege yenye kasi kuliko sauti iliyoacha kubeba abiria mwaka 2003.

Umbali huo haujapimwa kwa rula juu ya ramani. Dunia ni mviringo, na njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili juu ya mviringo ni ile inayofuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Ukitaka kuukokotoa mwenyewe, chukua latitudo na longitudo za viwanja viwili. Heathrow iko 51.47 kaskazini na 0.45 magharibi, JFK iko 40.64 kaskazini na 73.78 magharibi. Zidisha saini (sin kwenye kikokotoo) za latitudo hizo mbili. Kisha zidisha kosaini (cos) zake, na jibu hilo ulizidishe tena kwa kosaini ya tofauti ya longitudo, ambayo hapa ni digrii 73.33. Jumlisha majibu hayo mawili: utapata takriban 0.645. Tafuta pembe yenye kosaini hiyo. Ni digrii 49.83. Kila digrii ya duara kuu ni kilomita 111.19, ukichukua nusu kipenyo ya dunia kuwa kilomita 6,371. Jibu ni kilomita 5,540. Zile 14 zilizopungua zinatokana na dunia kuwa imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na vikokotoo vizuri hulizingatia hilo. Kwa kupanga safari, tofauti hiyo haina uzito wowote.

Sasa chora mstari ulionyooka kati ya miji hiyo kwenye ramani ya kawaida ya ukutani. Kwa macho unaonekana mfupi, lakini ukiufuata kwa dira moja kutoka mwanzo hadi mwisho utasafiri karibu kilomita 5,760, zaidi ya kilomita 200 za bure. Ndiyo maana ndege inayotoka New York kwenda London haielekei mashariki moja kwa moja. Huanza kwa kuelekea kaskazini mashariki, hupita karibu na Nova Scotia na Newfoundland, huvuka Atlantiki, halafu huteremkia Uingereza kwa upande wa Ireland. Kwenye skrini iliyo mbele ya kiti chako njia hiyo itaonekana imepinda. Haijapinda, ramani ndiyo iliyonyoosha kitu cha mviringo.

Jambo la pili ni dunia kuzunguka. Fikra yako ina mantiki, na wengi wanayo, ila imesahau hewa. Katika latitudo ya London ardhi inakwenda mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa. Kama hewa ingebaki nyuma, sisi sote tungekuwa tunapigwa na dhoruba ya kasi hiyo usiku na mchana. Hewa inazunguka pamoja na ardhi, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Helikopta ikining'inia juu ya uwanja kwa saa nzima, ikishuka itaukuta uwanja uleule chini yake. Kwa hiyo New York haikujii hata kwa mita moja.

Hata hivyo, mzunguko wa dunia una mkono wake katika muda wa safari yako, kwa njia ya kuzunguka: kupitia upepo. Hewa ya joto ya upande wa tropiki hutanuka kwenda juu, ya upande wa ncha ni baridi na imejibana. Matokeo yake, ukipanda kilomita kumi utakuta mgandamizo wa hewa ni mkubwa zaidi upande wa kusini kuliko kaskazini, na hewa hutaka kusukumwa kuelekea ncha ya kaskazini. Dunia ikizunguka, hewa inayosafiri huku juu hupindishwa mkono wa kulia katika nusu ya kaskazini ya dunia, na ule msukumo wa kwenda kaskazini unageuka kuwa upepo wa kutoka magharibi kwenda mashariki. Pale ambapo joto na baridi vinakutana kwa ghafla, upepo huo hubanwa kuwa mkondo mwembamba wenye kasi kubwa, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, hapohapo ndege za abiria zinapopita. Kasi ya kilomita 150 au 200 kwa saa ni ya kawaida. Majira ya baridi, tofauti ya joto inapokuwa kubwa, huweza kupita 300.

Hapa ndipo ile 900 yako inapovunjika. Ndege ya masafa marefu kama Boeing 787 au Airbus A350 huruka kwa Mach 0.85 hivi, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti. Kwenye baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri huko juu, hiyo ni takriban kilomita 903 kwa saa, kwa hiyo hukukosea. Lakini hiyo ni kasi ya ndege kuikata hewa. Hewa yenyewe inasafiri. Ikiisukuma ndege kwa 130 kutoka nyuma, juu ya ardhi itakwenda 1,030. Ikiipinga kwa 130 hiyohiyo, itakwenda 770. Kwa kilomita 5,554, ya kwanza inatoa saa 5 na dakika 24 hivi, ya pili saa 7 na dakika 13. Na uone jambo moja ambalo watu hulipuuza: upepo haujifidii. Kwenda na kurudi bila upepo ni saa 12 na dakika 20. Kwa upepo huo wa 130 ni saa 12 na dakika 36. Unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokupinga kuliko ndani ya ule unaokusaidia, kwa hiyo unachopoteza ni kingi kuliko unachopata.

Mfano mkubwa kuliko yote katika njia hii ni wa Februari 2020. Wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, na kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa. Magazeti kadhaa yaliuliza kama ilivunja kizuizi cha sauti. La. Ndani ya hewa iliyoizunguka ilikuwa kwenye kasi yake ya kila siku.

Upepo huo huo ndio unaofanya njia halisi isiwe duara kuu. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna njia zinazopangwa upya kila siku, seti moja ya kwenda magharibi na nyingine ya kwenda mashariki, kulingana na mahali mkondo ulipo siku hiyo. Za kwenda Ulaya huwekwa ndani ya upepo. Za kwenda Amerika huukwepa, mara nyingi zikipanda kaskazini zaidi. Ndege yako ya kwenda New York inaweza kusafiri kilomita mia kadhaa zaidi ya 5,554 na bado ikawahi kuliko ile ambayo ingeng'ang'ania njia fupi. Kwa makadirio ya kawaida, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika kikokotoo chake cha hewa ya ukaa huongeza kilomita 50 kwa safari isiyofika kilomita 550, kilomita 100 kwa safari hadi 5,500, na 125 kwa inayozidi hapo. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini hakijui siasa. Tangu anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwanzoni mwa 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo, ambayo ilikuwa ya saa tisa na ushee, imekuwa ya takriban saa 13. Miji haijasogea. Kwa hiyo safari yoyote inayopita karibu na anga lililofungwa, usiamini kikokotoo cha umbali hata kidogo.

Kumebaki kupaa na kushuka. Ndege haifikii Mach 0.85 mara tu magurudumu yanapoachana na ardhi. Chini ya futi 10,000 kasi kwa kawaida huwekewa kikomo cha noti 250 (maili za baharini kwa saa), kama kilomita 460 kwa saa, na kuteremka kutoka futi 36,000 huanza karibu kilomita 200 kabla ya uwanja. Vipande hivyo viwili vinakugharimu dakika 10 hadi 15 juu ya hesabu ya kasi ya kusafiria. Kwenye safari ndefu kama yako ni kidogo. Kwenye safari ya kilomita 400 ndivyo vinavyotawala muda wote, na ndiyo sababu safari fupi huonekana kuwa ya polepole mno ukiigawa.

Halafu ardhini. Saa 8 za tiketi hazihesabiwi kutoka kuruka hadi kutua. Huanza ndege inapoondoka langoni Heathrow na kuisha inaposimama langoni JFK. Kabla ya kupaa husukumwa nyuma, huwasha injini, hutembea hadi njia ya kurukia na kupanga foleni: dakika 20 ni jambo la kawaida, na JFK nyakati za jioni inaweza kuwa 40. Baada ya kutua kuna dakika nyingine 10 hadi 15.

Sasa rudia hesabu yako ukiwa na hayo yote. Chukua 5,554, ongeza 125, upate 5,679. Kwenda magharibi toa upepo wa wastani, tuseme 100, kwenye 900: 5,679 kwa 800 ni saa 7 na dakika 6. Ongeza 14 za kupaa na kushuka, 20 za kutoka langoni, 15 za kuingia langoni. Saa 7 na dakika 55. Tiketi inasema 8. Kurudi, ongeza 100 badala ya kutoa: saa 5 na dakika 41, jumlisha 14, jumlisha 30 za foleni ya JFK na 10 za Heathrow, unapata saa 6 na dakika 35. Tiketi inasema 7.

Hapo ndipo rafiki yako ana ukweli wa nusu. Ndiyo, ratiba ina akiba ndani yake. Kwenye safari yako ya kurudi inaonekana ni dakika 25 hivi. Mashirika hupimwa kwa kufika kwa wakati, na kwa takwimu za serikali ya Marekani ndege iliyochelewa chini ya dakika 15 huhesabiwa imefika kwa wakati, kwa hiyo hakuna anayetaka kuandika muda wa siku nzuri. Lakini akiba hiyo si zawadi ya kupangia mambo mengine. Imewekwa kwa ajili ya siku ambayo mkondo una 180 badala ya 100, au ndege yako inaambiwa izunguke juu ya uwanja ikisubiri zamu. Siku nyingine utafika dakika 30 mapema na kukuta lango bado lina ndege. Utakaa kwenye kiti, ukiangalia jengo kupitia dirishani.

Kuhusu saa za tiketi: kila muda ulioandikwa ni wa mji husika. 11:00 ya London na 14:00 ya New York zinaonekana kuwa na saa 3 kati yake kwa kuwa New York iko nyuma kwa saa 5; 3 na 5 ni 8. Kurudi, ukiondoka 21:30, ambayo ni saa tatu na nusu usiku, utafika 09:30 kesho yake. Hapo kuna saa 12, toa 5, zinabaki 7. Usisahau alama ndogo ya +1 pembeni ya muda wa kufika, inayoonyesha kuwa tarehe imebadilika. Na kuna wiki chache za mwaka ambazo tofauti ni saa 4: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi, na mwisho wa mwaka Uingereza huzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ukisafiri katikati ya tarehe hizo ukatumia 5, utadhani safari ya kwenda imerefushwa kwa saa nzima, na ya kurudi imefupishwa hivyohivyo.

Tufike Chicago. Ndege ikisimama langoni 14:00 kamili, kutoka ndani tu ni dakika 15 ukiwa viti vya nyuma. Uhamiaji kwa asiye raia ni dakika 30 siku tulivu, na huweza kufika saa moja na nusu ndege kubwa kadhaa zikitua pamoja. Kwa kawaida mizigo huchukuliwa kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia Marekani, hata kama unaendelea mbele, kisha upite forodha. Ukiwa na bahati ya wastani utakuwa nje 15:15. Na hapo bado uko JFK. LaGuardia ni uwanja mwingine, upande mwingine wa Queens, wilaya ya jiji la New York, na kwa gari ni dakika 30 hadi saa nzima kulingana na foleni. Kupokea mizigo ya ndege ya 16:15 kutafungwa kama 15:30. Hata kama ndege ya London ingefika dakika 20 mapema, hesabu hiyo haifungi kwa uhakika. (Na uangalie hilo kila unapoona neno New York kwenye tiketi: kuna JFK, LaGuardia, na Newark ambayo iko New Jersey. London nayo ina viwanja kadhaa; Heathrow na Gatwick haviko jirani.)

Una njia tatu. Iliyo bora ni tiketi moja ya London hadi Chicago kupitia New York, au moja kwa moja bila kutua, kwa sababu ndege za London hadi Chicago zipo. Kwenye tiketi moja shirika haliruhusiwi kukuuzia muda mfupi kuliko kima cha chini cha uwanja huo, na ukichelewa jukumu la kukutafutia ndege nyingine ni lao. Ya pili, tiketi mbili tofauti zote za JFK, ukiacha si chini ya saa 4 kati yake, na saa 5 au 6 ukiwa na mzigo wa kukabidhi. Nafuu ya bei ikiwa ndogo, hii haifai. Ya tatu ni kulala New York na kuondoka asubuhi, nayo mara nyingi huwa nafuu kuliko tiketi mpya ya Chicago iliyonunuliwa kaunta dakika za mwisho.

Ukiwa na tiketi tofauti, shirika la pili litakuhesabu kama abiria ambaye hakutokea, na tiketi yake imekwisha. Sheria ya Uingereza ya fidia inakulinda kwa kuwa unaondokea Uingereza, na kwa umbali unaozidi kilomita 3,500, unaopimwa kwa duara kuu, fidia ni pauni 520 ukichelewa kufika kwa saa 4 au zaidi kwa kosa la shirika, na nusu yake ukichelewa kati ya saa 3 na 4. Lakini huhesabiwa hadi mwisho wa tiketi ile. Tiketi yako ikiishia JFK, ukichelewa dakika 50 na kuikosa ndege ya Chicago, huna cha kudai.

Kabla ya kulipa, fungua historia ya namba ya ndege yako kwenye tovuti yoyote ya kufuatilia ndege, usome muda halisi wa kufika wa wiki mbili au tatu zilizopita. Usitazame wastani, tazama ile siku mbaya kuliko zote, na uipange safari kana kwamba ndiyo siku yako.

Kuna mambo ambayo hesabu haitakusaidia, na hapo nenda kwa mtu. Ukitaka tiketi mbili za mashirika tofauti, nenda ofisi ya shirika au kwa wakala wa tiketi ukiwa na namba za ndege zote mbili, na uulize maswali mawili: mzigo utapelekwa hadi Chicago au naupokea New York, na nikikosa ndege ya pili nani ananibeba? Wakisema inategemea, hesabu kwamba hakuna atakayekubeba. Masuala ya viza na kibali cha kuingia Marekani yamalize na ubalozi kabla ya kununua, kwa sababu tiketi nyingi za bei ya chini hazirudishwi fedha. Na mtu mwenye ugonjwa wa moyo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kupata damu kuganda mguuni, aonane na daktari wake kuhusu zile saa 8 za kukaa, akiwa na muda wa tiketi mkononi na siyo zile saa sita za kugawa.